Saidia Fundi wa Binti Yako

Mtani Kasmiri,

Hali sikuulizi. Ulipokuwa mzima ukiulizwa hali ulikuwa unajibu uongo, na sasa hujibu kabisa, kwa hiyo sijapoteza kitu. Huku tupo. Mie nipo, mzuri vile vile unavyonijua. Meno yangu kumi na moja yote yako kazini, na wanawake wa Makorora wakipita hapa mbele ya gereji bado wanapunguza mwendo. Mke wangu anasema wanapunguza mwendo kwa sababu ya lile dimbwi la njiani. Wivu huo.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke. Herufi ulinifundisha wewe, kwenye maboksi ya balbu, mie mtu mzima na mvi zangu kichwani, ukawa unanambia, "Hii ni O, duara tupu kama kichwa chako, hata Mdigo hawezi kuikosea." Basi ndizo hizo. Nimezipanga moja moja kama nachomelea geti. Zikipinda lawama apewe mwalimu.

Nina jambo la kukwambia, na bora ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa hawa wanaokuja huko kila siku, maana wana maneno. Jina lako nililiharibu. Sikukusudia, na nimeshalitengeneza, lakini kidogo tu ningemwondoa binti yako Vero kwenye banda lako. Sasa tulia nikupe habari kwa mpango, usinikatize kama kawaida yako.

Siku ya kukuzika unaikumbuka? Huikumbuki, ulikuwa umelala, kama ulivyokuwa unalala kila siku saa nane za mchana chini ya magari ya watu ukijifanya unatafuta shoti.

Mie Mdigo, wewe Mnyamwezi. Hata kama Tabora yenyewe hukuwahi kuiona, hata kama ulizaliwa kambi ya mkonge huko Muheza na Kiswahili chako kilikuwa cha Tanga kushinda changu, damu ni damu, na mtani ni mtani. Na mtani msibani ana kazi yake. Wenziwe wanalia, yeye anachekesha. Basi nikaifanya kazi yangu, na wallahi tangu watu waanze kufa duniani hakujatokea mtani kama mie siku ile. Nikalala chali njiani mbele ya jeneza lako, pale makaburini. Padri akasimama, kwaya ikasimama, waliokubeba wakakutua. Nikasema hapiti mtu. Huyu Mnyamwezi hazikwi mpaka arudishe plaizi yangu. Watu wakacheka. Nikasema babu zake walikuja pwani na mizigo kichwani, wenzao wote wakarudi, wao wakaonja nazi wakakataa kuondoka. Wakacheka mpaka mama wa kwaya akakaa chini.

Nikaona inanoga. Nikasema, "Mnamwita fundi umeme huyu? Nilimfundisha mie! Alikuwa saidia fundi wangu! Kila taa inayowaka kwenye gari toka Horohoro mpaka Pangani ni mkono wangu, yeye alikuwa ananishikia tochi!"

Na hapo ndipo nilipokosea. Uongo si kosa, mtani ruhusa anayo. Kosa ni kwamba nilipofika kwenye ile tochi, nililia.

Sijui machozi yalitoka wapi, mtani. Nilikuwa nimeyafunga vizuri tangu asubuhi. Nadhani niliiona. Ile tochi yako ya njano yenye kioo kilichopasuka, uliyokuwa unaing'ata mdomoni huku unanitukana, matusi yanatoka nusu nusu. Basi nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, nimelala pale pale chini, huku narudia, "Nilimfundisha mie, nilimfundisha mie." Mtani halii! Marehemu baba yangu alizika watani wake wote na hakutoa hata kamasi. Utani ukishautia machozi unageuka ushahidi.

Na mtu mmoja alikuwa ananichukua kwa simu. Kaanza kunichukua pale nilipoanza kulia. Kule nyuma nilikodai plaizi hakuna, watu wanaocheka hakuna. Kuna mzee mwenye ndevu nyeupe, kalala kwenye mchanga wa makaburi, analia kwa uchungu, anasema yeye ndiye aliyemfundisha umeme fundi Kasmiri. Video ikazunguka kwenye masimu. Waliokuwepo walijua ni utani. Wasiokuwepo, na hao ndio wengi, wakasema: kumbe mwalimu wake bado yuko hai, yuko Makorora, twendeni.

Wakaja.

Sasa mie nitakudanganya nini. Nilifurahi. Mie fundi wa kuchomelea, miaka yote watu wananiletea mageti na mabampa, hakuna aliyewahi kuniita mwalimu. Mtu anashuka kwenye gari, "Shikamoo mwalimu." Mwalimu! Mie niliyefukuzwa chuo cha Kurani kwa kuficha viatu vya maalim! Wenye kazi ndogo ndogo niliwabahatisha. Balbu imeungua, unatoa unatia nyingine. Waya umekatika, unaukuta unauunga. Nikaanza kujiona. Nikatoka asubuhi na kalamu sikioni.

Banda lako la jirani nikawa naliona siku limefunguliwa, siku limefungwa. Nikasema moyoni, mtoto ana msiba, anapumzika. Sikwenda kumuuliza. Hilo nalo uliandike.

Akaja nesi Neema. Huyu humjui. Ni mwenyeji wa Mbeya, kaletwa juzi juzi kwenye zahanati moja huko ndani Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, na gari lao ni Land Cruiser ya zamani, ile ngumu ya mabati. Ndiyo wanayobebea wazazi, akina mama wa kujifungua. Mzazi akishindwa kule wanamtoa porini, wanapita kwenye mashamba ya minazi na tope, wanavuka na kivuko, wanamleta hospitali. Taa za gari zenyewe zimekuwa hafifu kama macho yangu. Kapata taa nne kubwa za mviringo kwa msaada wa watu, anataka zifungwe mbele kwenye bampa, na moja nyuma ya kumulikia wanaposhusha machela, na moja ndani. Na swichi zake zipangwe vizuri kwenye dashibodi. Masika inakuja.

Akanambia, "Mwalimu, nimeambiwa ukifunga wewe haizimiki."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Mie nilisema, "Mama, taa nikifunga mie hata gari likiuzwa chuma chakavu zenyewe zinabaki zinawaka."

Kwanza nikafanya yangu. Nikatengeneza bampa jipya la kubebea taa, mtani, bampa ambalo gari likigonga mnazi, mnazi unaomba radhi. Nikalipiga rangi nyeusi mikono mitatu. Linang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Nikafunga taa zangu nne. Nikavuta waya kutoka betri mpaka swichi, kutoka swichi mpaka taa. Nikaita watu. Nikapiga swichi.

Kimya.

Nikapiga tena. Nikasema taa ni mbovu, msaada wa watu huo. Mke wangu, alikuwa kaniletea uji, akasema, "Labda zimesikia nani kazifunga." Watu wakacheka wakatawanyika. Nikakaa chini natazama lile bampa langu zuri, na hapo, mtani, nikakusikia. Kama uko mgongoni kwangu na ile sauti yako ya puani. "Umempa umeme mlango wa kuingilia. Wa kutokea uko wapi?"

Ethi! Ule waya wa kurudisha umeme kwenye chuma cha gari nilikuwa nimeukaza juu ya rangi. Rangi yangu mwenyewe, mikono mitatu! Umeme unafika unakuta nimempakia ukuta. Nikachukua msasa nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza, nikapiga swichi, na zikawaka zote nne, jua la adhuhuri lile likaona haya. Nikapiga kelele mpaka Usagara wakasikia. Niliruka. Goti la kushoto halijanisamehe mpaka leo.

Nesi akaja kuchukua gari. Kakaa kwenye usukani na gauni lake jeupe, mie dirishani namsomea sifa zangu. Taa zinawaka. Dakika moja, mbili. Akavuta pua. "Mzee, hiki kinachonukia ni nini?" Nikasema, "Ni upya huo mama, kifaa kipya lazima kinukie." Dakika ya tatu swichi ikaanza kulainika. Ikawa kama halua, naiona kwa macho yangu inashuka kwenye dashibodi. Kisha moshi. Nesi akatoka kwa mlango wa upande wa pili, sijui aliruka vipi ile gia. Mie nikang'oa kichwa cha betri kwa mikono mitupu, vidole viwili vikaungua. Gari likapona. Mtu mwingine hakuumia.

Nikajiandaa kutukanwa. Hakunitukana, bora angenitukana. Alisimama pale anajipangusa masizi, akasema taratibu, "Mzee wangu, gari hili linabeba wajawazito. Mie nilikuja kwako kwa sababu ya ile video. Kama huwezi, ungeniambia tu."

Mtani, mie maneno hayajawahi kuniishia. Siku ile yalibaki mawili. Nikasema, "Njoo Jumamosi." Nikaongeza uongo kwamba kuna kifaa nakisubiri. Akaondoka bila taa.

Na kweli kifaa kilikuwa kinakosekana, nilikijua jioni ile nikiwa nimetia vidole kwenye ndoo ya maji. Kwenye magari yako, ukipiga swichi, kabla taa haijawaka kulikuwa na kile kisauti. Tik. Wewe ulikuwa unakisikiliza kichwa umekiinamisha. Kwenye langu hakukuwa na tik. Ni ile rilei, kile kiboksi kidogo cheusi. Nilikuona ukikifunga mara elfu na kila mara nilikuwa nakusimulia hadithi badala ya kutazama.

Basi nikaenda kwa Vero.

Nimemkuta ndani ya banda anafunga maboksi. Bisibisi zako, rola za waya, taa ya kupimia, vyote kavipanga kama mtu anayehama. "Shikamoo mtani," akasema, hakugeuka. Unajua anavyoniita hivyo tangu ana miaka sita. Nikaitikia marahaba, nikaanza ujanja wangu. Nikasema, "Mwanangu, nataka nikupime kama baba yako alikufundisha. Hebu nambie, rilei inafungwaje?"

Siku zote angecheka. Hakucheka. Akanambia kapata kazi Dar, kwenye yadi ya malori, anaondoka mwisho wa mwezi. Nikasema, Dar! Na banda? Hapo akageuka.

"Banda la nini, mtani? Wateja wanapita hapa mlangoni kwangu wanakuja kwako. Jana mmoja kaniomba nimwonyeshe anapokaa mwalimu wa baba yangu."

Nikakaa kwenye tairi.

Akaendelea, sauti haijapanda hata kidogo, "Wengine wanasema kama baba alikuwa saidia fundi, basi mie ni nini? Saidia wa saidia. Nimechoka kueleza."

Unaona nilichokufanyia? Miaka yote ile umekunja mgongo, umemlea mtoto kwa waya na tepu nyeusi, umemfundisha kazi ambayo watu walikucheka kumfundisha mtoto wa kike. Mie kwa mdomo mmoja, dakika mbili, nimelala chini, nimeyafuta. Na baadaye nikatia kalamu sikioni.

Nikamwambia, "Vero, kosa langu nililia."

Akasema, "Nilikuona. Ndiyo maana nikashindwa kuja kukutoza."

Kutozwa! Alivyolitaja hilo neno, mtani, moyo wangu ukafunguka kama dirisha. Kwa sababu mtani aliyevuka mpaka hashtakiwi, hanuniwi, hakimbiwi mpaka Dar. Anatozwa. Na utani umemrithi kutoka kwako, ni haki yake kunitoza. Nikamwambia, "Nitoze. Nitoze sasa hivi, usinionee huruma."

Akafikiri. Una mtoto mbaya wewe, anafikiri kama hakimu. Akasema, "Jumamosi, gari la nesi. Nafunga mie. Wewe ni saidia fundi wangu, kutwa nzima, nje barabarani, kila mtu aone. Unaniita fundi. Na mwisho unasema ukweli mbele ya watu, hao wenye simu wakuchukue. Usicheke hata mara moja. Wala usilie."

Nikasema usicheke na usilie vyote kwa pamoja ni adhabu ya kuua mtu. Akasema, "Ndiyo hiyo."

Jumamosi kukafurika. Sijui nani aliwaambia. Haya, mie niliwaambia. Mawingu yamejaa, mvua ya masika imesimama juu ya mapaa inasubiri. Nesi Neema kafika, kamwona msichana na ovaroli lako lililokunjwa mikono, kaniangalia mie. Nikamwambia, "Mama, huyu ndiye fundi. Mie leo nabeba boksi." Na nikabeba boksi kweli. Nyinyi Wanyamwezi mnajua kubebesha watu, kumbe mnalipiza ile mizigo ya babu zenu.

Kutwa ile alinitesa, mtani, ungefurahi mpaka ungefufuka. "Saidia, plaizi." "Saidia, hiyo siyo plaizi." "Jamani mnamwona huyu Mdigo? Anapumzika kabla ya kuchoka." Watu hoi. Mie kimya, uso mkavu, nauma ulimi. Kanilaza chini ya dashibodi na miaka yangu sabini nimulike, nikimulika pembeni kidogo ananigonga goti kwa bisibisi, lile lile la kushoto.

Lakini nilitazama. Mara ya kwanza maishani nilifunga mdomo nikatazama. Waya mnene unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye rilei, unakwenda kwenye taa. Waya mwembamba ndio unakwenda kwenye swichi. Swichi haibebi mzigo, inatoa amri tu, mzigo anabeba rilei. Nikasema kumbe rilei ni Mnyamwezi! Ikanitoka. Vero akasema, "Usicheke, saidia," lakini yeye mwenyewe nilimwona mabega yanatikisika.

Kabla ya kurudisha kichwa cha betri akafanya ishara ya msalaba, akageuka, akanambia kama ulivyokuwa unanambia wewe kila siku, "Na wewe piga bismillahi, tusimwache mtu nje." Nikapiga.

Kisha akatoa uzi mwekundu mfukoni. Swichi ziko tatu zimepangana. Ile ya mbele akaizungushia uzi mara moja, akaukaza, akaugundisha. Ya nyuma mara mbili. Ya ndani mara tatu. Akamwita nesi, akamfumba macho kwa kiganja, akamwambia, "Tafuta ya nyuma kwa kidole." Nesi akapapasa, akaipata. Ya ndani. Akaipata. Akamwambia, "Ukiwa unaendesha porini macho yako yawe njiani. Vidole vitaona vyenyewe. Baba yangu alifunga hivi magari yake yote."

Mtani. Miaka thelathini na tatu tumepakana ukuta. Nilijua unazungushia nyuzi. Nilikutangaza mji mzima kwamba Kasmiri ana uchawi wa Kinyamwezi, anafunga hirizi kwenye magari ya watu. Wewe hukunijibu, ulikuwa unacheka tu. Kumbe ilikuwa ni kwa ajili ya macho ya dereva. Hukunambia hata siku moja. Au ulinambia nikawa nasimulia hadithi.

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu, maana hapo hapo Vero kasema, "Haya saidia, sema sasa." Masimu yameshanyanyuliwa. Nikavuta pumzi, nikatazama lile dimbwi letu, nikasema.

Nikasema, "Mimi sijui umeme. Sikuwahi kujua. Fundi alikuwa Kasmiri. Aliyekuwa anashika tochi ni mimi, na hata tochi yenyewe nilikuwa nammulika machoni. Nilichosema makaburini ni utani, mimi Mdigo, yeye Mnyamwezi. Machozi ndiyo yalikuwa ya kweli, maneno yalikuwa ya uongo. Ukitaka taa, fundi ni huyu hapa, Veronika wa Kasmiri. Ukitaka bampa, mimi ndiye bora Afrika Mashariki." Hilo la mwisho halikuwa kwenye tozo, nililiweka mwenyewe.

Sikucheka. Sikulia. Uliza mtu yeyote.

Na mvua ikashuka, mtani, ile ya kumwagwa, alasiri ikawa giza, watu wote wakakimbilia kwenye vibaraza. Vero akaingia garini na nesi. Nikaona kidole chake kinapapasa. Nikasikia, hata na mvua ile nikasikia: tik. Na barabara yote ya Makorora ikawaka. Kila tone la mvua likaonekana peke yake. Muuza mkaa kule mwisho tukamwona ana gunia kichwani, mbuzi kasimama chini ya meza ya nyanya anatushangaa, nguo za watu zimesahauliwa kwenye kamba. Watu wakapiga vigelegele kama bwana harusi kafika. Nesi Neema akashuka kwenye mvua na gauni lake akamkumbatia Vero, wakaloa wote. Wakaziacha zikiwaka robo saa nzima. Nikaenda kushika swichi. Baridi, kama pua ya paka.

Sasa usidhani nilipumzika. Jina lako limerudi, sawa, lakini maboksi yalikuwa bado yamefungwa. Nilimuuliza, "Dar vipi?" Akasema, "Nitaona." Nikarudi kwangu. Siku nne, mtani, najifanya nachomelea huku nachungulia ukutani kwa lile tundu lako ulilokuwa unachungulilia uji wangu. Maboksi yapo. Video mpya ikawa imezunguka kuliko ya kwanza, wateja wakaanza kusimama kwake, anawafanyia kazi, anatoa bisibisi boksini, akimaliza anairudisha boksini. Roho yangu juu.

Siku ya tano asubuhi tunasikia honi. Gari la nesi. Limejaa tope mpaka kwenye vioo, taa zote nne zinawaka mchana kweupe, anazipiga waka-zima waka-zima kama anatupungia. Anatoka hospitali kubwa huku mjini, akatusimulia haraka dirishani. Kashusha mama aliyeshindwa kujifungua tangu jana yake, wamemtoa ndani kabisa Mwera, mvua imekula njia yote, yeye usukanini anaona mitaro kabla hajaingia. Kashajifungua, mama mzima, mtoto mzima, ana kilo kama Mnyamwezi. Nesi hakushuka hata, anawahi kivuko. Kapiga kelele dirishani, "Fundi, haijazimika!" akaenda zake.

Vero alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Hakutoka. Nikasikia anasema kule chini, "Taa ya kulia imelegea. Bampa la nani lile?" Nikasema limelegezwa na tope. Kisha akasema kama mtu anayeomba chumvi, "Mtani, nataka unichomelee rafu ya waya. Toka mlangoni mpaka kule mwisho, nizitoe rola kwenye maboksi."

Nikamuuliza, taratibu, "Unataka ya muda au ya kudumu?"

Akasema, "Wewe unajua kuchomelea ya muda?"

Nimeichomelea, Kasmiri. Nimeizamisha kwenye nguzo vidole vinne. Banda likianguka rafu itabaki imesimama yenyewe. Na hapo nilicheka na kulia vyote kwa pamoja, maana tozo ilikuwa imekwisha.

Basi mtani, nikuache ulale, umelala kidogo sana maishani kwa mtu mvivu kama wewe. Ninakuahidi mambo mawili. Kila atakayeniita mwalimu nitamvusha ukuta nimpeleke kwa fundi mwenyewe, na njiani nitamtajia jina lako mpaka achoke. Na la pili, kila ukifika mwezi uliozikwa nitakuja makaburini nikutukane vizuri, kwa mpangilio, macho makavu, kama inavyotakiwa.

Ningekuandikia na ya mke wangu na yule mbuzi wa siku ile ya mvua, lakini Vero ananiita kule nje, "Saidia! Tochi!" Anajua kabisa tozo ilikuwa siku moja. Nami najua. Naenda, fundi hachelewishwi.

Mimi mtani wako, bora kushinda wote ulionao huko,
Hamisi wa mabampa